Hatukukatazi Damu, Shemeji

Nilizaliwa Shinyanga mjini, upande wa pili wa reli, na nililelewa nikijua kwamba mtu mzima hali udongo mbele za watu. Mama yangu aliula, lakini kwa adabu. Alinunua sokoni vile vijiti vya udongo uliokaushwa, vinavyopangwa kwenye sinia jirani na dagaa, akavifunga kwenye pindo la khanga na kuvitafuna akiwa peke yake uani, amegeukia ukuta. Kwa hiyo nilipopata mimba yangu ya kwanza, nikiwa nimeshaolewa na naishi machimboni kule Nyang'hwale, sikushtuka mate yaliponijaa mdomoni kila mvua ilipogusa vumbi. Kilichonishtua ni kwamba udongo wa sokoni haukunitosha. Nilitaka mawe.

Mawe yalikuwepo, tena bure. Mume wangu alikuwa na hisa katika duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, yeye na wenzake watano, na mimi ndiye niliyewapikia wote. Jiko langu lilikuwa hatua chache kutoka pale walipopanga viroba vya mawe vikisubiri zamu kwenye karasha, ile mashine ya kusagia. Mawe ya huko yana kutu nyekundu, na wachimbaji huipenda kutu hiyo kwa sababu mara nyingi dhahabu hulala karibu nayo. Mimi niliipenda kwa harufu. Nilikuwa nikisonga ugali huku pua nimeigeuzia kwenye viroba, ugali unaungua, na wala sijali.

Siku mume wangu aliponifuma, nilikuwa nimeingiza kichwa chote ndani ya kiroba.

"Unatafuta nini humo?" aliniuliza.

"Kijiko," nilimjibu, na meno yangu yote yalikuwa mekundu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu ni mtu mwema, lakini siri hana. Jambo likimfurahisha lazima awagawie wengine. Kabla jua halijazama wenzake wote walikuwa wanajua kwamba shemeji yao anakula mali ya duara.

Mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa kiongozi wao, mwenye duara, mtu mzima aliyeacha kulima tumbaku kule Ushetu ili atajirike haraka, na tangu hapo alikuwa anafukarika taratibu. Alikuwa ameshakwenda kuaguliwa mara mbili, mganga akapasua kuku na kusoma matumbo yake, na kuku wote wawili walikosea. Aliuliza swali moja: nilikuwa nakula kutoka kiroba kipi? Mume wangu akakionyesha. Kiroba hicho kiliposagwa kilitoa dhahabu ya kuonekana kwa macho. Vingine vinne, ambavyo sikuvigusa, vilitoa vumbi.

Hapo ndipo wanaume sita wenye akili zao walipoamua kwamba ulimi wangu ni kipimo.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kiti cha plastiki kimewekwa kivulini pembeni ya jiko, kimefutwa vumbi. Mbele yake kulikuwa na meza, juu ya meza sahani saba, kila moja na jiwe lake, na chini ya kila sahani karatasi yenye namba inayoonyesha jiwe limetoka upande gani wa shimo. Palikuwa na kikombe cha maji ya kusukutua. Mwenye duara alivua kofia.

"Mwangaluka mayu," alianza, akinisalimia kwa Kisukuma kama mama mwenye boma, halafu akahamia kwenye Kiswahili cha vikao. "Tunaomba utusaidie, shemeji. Wewe onja tu. Lile utakalotaka kuongeza, ndilo tutakalolifuata."

Nilionja. Namba tano niliimaliza. Wakachimba upande wa namba tano, na baada ya siku chache wakapata dhahabu ya kutosha kununulia mafuta ya karasha na shati jipya la mwenye duara. Kuanzia hapo mambo yakawa ya kitaalamu. Niliwekewa kanuni: nisile pilipili kabla ya kuonja, nisipige mswaki kwa dawa, na nisikasirishwe, kwa kuwa hasira hubadilisha mate. Mume wangu alipigwa marufuku kugombana nami siku za kuonja. Hiyo kanuni ya mwisho niliipenda sana, nikaanza kuwashauri kwamba kuonja kila siku ni bora zaidi.

Nisijifanye mtakatifu. Nilifurahi. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona wanaume sita wakinyamaza kumsubiri mwanamke amalize kutafuna. Walikuwa wanautazama mdomo wangu kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi, na mimi nilikuwa natafuna polepole kuliko ilivyohitajika. Watu wa maduara mengine walianza kupita pale jikoni kwa visingizio, eti wanaomba moto.

Lakini wakati ulimi unapanda cheo, mwili wote uliobaki ulikuwa unashuka. Nilikuwa nabeba ndoo ya maji hatua ishirini, natua, napumua, nabeba tena. Moyo ulinidunda nikiwa nimekaa. Nikiinama kuokota kuni, dunia ilikuwa inafunga pazia kisha inafungua. Kucha zangu zilibonyea katikati, kiasi kwamba tone la maji likidondokea juu yake lilituama. Nilidhani ndiyo mimba yenyewe. Wanawake tumefundishwa kwamba kila kitu ni mimba mpaka mtoto azaliwe, baada ya hapo kila kitu ni uchovu.

Mimba ilipofikisha miezi mitano nilikwenda zahanati. Muuguzi niliyemkuta alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo," nilimsalimia.

"Marahaba. Miezi mitano ndiyo unakuja leo?"

Hakungoja jibu. Alinivuta kope ya chini akatazama ndani, akageuza viganja vyangu, akashika kucha moja na kuitazama kwa muda. Kisha akanichoma kidole, akaweka tone kwenye kimashine chake.

"Damu yako ni saba na pointi mbili, na mjamzito anatakiwa afike kumi na moja," alisema. "Unakula udongo?"

"Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

Nilitafuta namna ya kuipunguza, sikuipata. "Kama sahani saba," nilisema. "Kazi ikiwa nyingi."

Alivua miwani. Ilibidi nimweleze yote, kuanzia kiti cha plastiki mpaka maji ya kusukutua, na wakati namweleza ndipo nilipoanza kusikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Hakunicheka. Aliniuliza nafanya kazi gani nikiwa sionji mawe, nikamwambia napika, na asubuhi nauza maandazi. Basi akanieleza kwa maandazi.

Ndani ya mifupa, alisema, kuna uboho, na huko ndiko chembe nyekundu za damu zinakoumbwa kila siku, kwa sababu zile za zamani huchakaa na kufa baada ya miezi minne hivi. Chembe changa hukaa humo siku kadhaa ikijijaza himoglobini, kitu kinachoipa damu wekundu na kubeba hewa mwilini, na himoglobini haitengenezeki bila madini ya chuma. Chuma kikiwepo, chembe inajaa, inaacha kujigawa, inatoka kwenda kazini ikiwa nono. Chuma kisipokuwepo, chembe haifikii kile kipimo cha kuiambia basi, sasa acha. Inajigawa tena, na tena, ikingoja kujaa, na mwishowe inatoka ikiwa ndogo, imepauka katikati.

"Wewe unga ukipungua, na wateja ni walewale, unafanyaje?" aliniuliza.

"Nakata madogo."

"Na uboho wako unakata madogo. Figo zinaona hewa haitoshi, zinauambia uboho ukaze kazi, nao unakaza kweli. Lakini kukaza kazi si kuongeza unga."

Nilimuuliza inawezekanaje nikae juu ya mlima wa chuma, nile chuma asubuhi mpaka jioni, halafu nikose chuma. Akasema utumbo haufungulii jiwe mlango. Tena udongo ule unakamata hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye chakula na kutoka nacho. Ile hamu yenyewe, alisema, mara nyingi ndiyo dalili ya upungufu. Mwili unadai, lakini unadai kwa duka lisilo na bidhaa. Halafu mtoto tumboni naye anachukua cha kwake kwanza, haombi ruhusa. Alinipa dawa ya minyoo pia, kwa kuwa machimboni tunatembea peku na minyoo ya safura huingilia nyayoni, ikafika tumboni na kunyonya. Kisha akanipa vidonge vya kuongeza damu.

"Meza kwa juisi ya ukwaju au chungwa. Usimeze na chai wala maziwa, vinazuia chuma kuingia. Chai kunywa mbali na chakula. Kula nyama, ini ukipata kidogo, dagaa, mboga za majani. Udongo acha. Baada ya wiki mbili hivi hamu itakuishia yenyewe." Akashusha sauti. "Mama, kila anayejifungua anamwaga damu. Ukifika siku hiyo na saba hii, hutakuwa na ya kumwaga."

Dada yangu aliyenitangulia alifariki hivyohivyo. Mtoto alitoka, damu ikamfuata, na waliomzunguka walisema baadaye kwamba alikuwa mweupe viganjani tangu mimba changa, ila kila mtu alidhani ni mimba tu. Mimi ndiye niliyefua khanga zake. Nilitoka zahanati nimekamata pakiti ya vidonge kwa mikono miwili, na niliogopa sana.

Hadi jioni mume wangu alikuwa ameshawasimulia wenzake. Hakuwa na nia mbaya. Aliogopa na yeye, na akiogopa huongea. Aliwapa ushauri wote wa muuguzi, neno kwa neno. Mwenye duara alichukua daftari na kuandika kwa makini kuliko mwanafunzi, kisha akachora mstari katikati ya ukurasa: upande huu vinavyoongeza damu, upande ule vinavyoizuia. Aliposikia kwamba vidonge vikikolea hamu ya mawe itakwisha, aliweka kalamu chini. Akaitisha kikao.

Kikao kilikuwa na ajenda moja, nayo ilikuwa ulimi wangu. Niliitwa, nikapewa kile kiti cha plastiki, wao wakakaa juu ya viroba.

"Shemeji," alisema mwenye duara, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli, "hatukukatazi damu. Damu ni haki yako. Tunachoomba ni uiahirishe. Mwamba wa dhahabu uko karibu, wiki tatu hivi, dalili zote tunaziona. Tukiugusa tu, wewe meza hivyo vidonge hata kwa kijiko."

Mmoja alinyoosha mkono akauliza kama haiwezekani nikawa na damu ya wastani, isiyofika ulimini. Mwingine akapendekeza nimeze vidonge siku za mapumziko tu. Walibishana karibu saa nzima, kwa heshima, kila mtu akianza na "kwa ruhusa yako shemeji." Mwisho wakapitisha maazimio. Ini lisikanyage jikoni. Nyama vilevile. Dagaa waliruhusiwa, si kwa kunihurumia, bali kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuacha dagaa. Na duara lingenigharamia chai ya maziwa, chupa nzima, baada ya kila mlo. Kikao kilifungwa kwa sala. Mume wangu alitazama miguu yake muda wote.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: nilikubali.

Naandika hili nikiwa na hasira na yule mwanamke niliyekuwa. Aliahidiwa hisa ya jina lake mwenyewe, na akaona nyumba ya bati Shinyanga, na akajiambia wiki tatu si kitu. Lakini nikisema ilikuwa hisa tu nitakuwa naongopa. Nilikuwa nayataka yale mawe. Nilikuwa naota nayo. Na nilijua kwamba siku hamu ikiisha nitarudi kuwa mpishi, na hakuna atakayenyamaza tena nikitafuna. Nikavificha vidonge kwenye kopo la chumvi.

Sijawahi kuhudumiwa vile. Ugali ukiisha tu, chai imefika, ya moto, yenye maziwa na sukari ya kutosha, na mwenye duara anasimama pale mpaka kikombe kiwe kitupu. "Wabeja sana mayu," ananishukuru kwa Kisukuma, kama vile mimi ndiye niliyemnywesha. Siku jirani mmoja alipochinja mbuzi na kutuletea kipande cha ini, kilirudishwa na ujumbe kwamba shemeji ana mwiko. Walikuwa wananitunza kwa bidii ile ile ambayo mtu hutunza betri.

Wiki ya tatu nilianguka. Nilikuwa nimemaliza kuonja sahani ya sita, nikainuka kusukutua, pazia likafunga na safari hii halikufunguka upesi. Niliangukia meza. Nilipofumbua macho nilikuwa chini, na wanaume watano walikuwa wamepiga magoti kunizunguka. Walikuwa wanaokota mawe. Walikuwa wanaulizana hili ni namba nne au namba sita, wengine wanayanusa, kwa hofu ya kuchanganya sampuli. Mume wangu peke yake ndiye aliyeninyanyua kichwa, na hata yeye alikuwa na sampuli namba mbili mkononi.

Aliitazama. Nikamtazama akiitazama. Kisha akaitupa mbali, juu ya paa la banda la karasha, ikalia bati, na wale wengine wakageuka kwa mshangao kuona sampuli inaharibiwa.

Siku hiyohiyo alinitafutia ukwaju. Nilivitoa vidonge kwenye kopo, vimeshika chumvi, nikameza cha kwanza mbele yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mume wangu alikuwa na siri, na ilimtesa. Usiku alikuwa anageukageuka kitandani kama mwenye viroboto. Kila mwenye duara alipoleta chai, mume wangu alimwita pembeni amuulize jambo lolote, kuhusu kamba, kuhusu mbao za kuzuia shimo lisiporomoke, nami nikaimwaga nyuma ya jiko. Dagaa niliwala kwa sahani. Ini alininunulia mjini Kharumwa, likaja limefungwa ndani ya koti la mvua.

Choo kiligeuka cheusi, kama muuguzi alivyonionya, na tumbo lilisokota. Halafu, siku ya kumi au kumi na moja, nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikatia jiwe mdomoni, na lilikuwa jiwe. Sijui niseme vipi vingine. Lilikuwa gumu, lenye mchanga, na halikuwa na utamu wowote. Nilitaka kulitema. Nilitaka kucheka pia, maana nilijiuliza miezi yote ile nilikuwa nafanya nini.

Wanaume walikuwa wananisubiri. Kama ningesema hamu imeisha, chai ingegeuka kuwa kikao kingine, na sikuwa na nguvu za kikao. Nikafumba macho, nikatafuna hewa, nikaipeleka namba moja shavuni na kuitemea kiganjani. Kisha nikaonyesha namba saba.

"Ya saba?" mwenye duara aliuliza.

"Ya saba. Tena niongezeeni."

Nilichagua ya saba kwa sababu ilitoka upande wa mashariki, na wakichimba upande huo wangekaa karibu na jiko, nisitembee mbali kuwapelekea uji. Hiyo ndiyo ilikuwa jiolojia yangu.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa mita tatu, na mwishoni mwake kulikuwa na mwamba. Sitii chumvi. Walichimba mashariki, wakaukuta mwamba wa dhahabu waliokuwa wanautafuta tangu waanze, na mwenye duara alikuja jikoni akilia machozi, akapiga magoti mbele ya kiti kitupu. Wakachinja mbuzi. Walisema sasa ulimi umethibitishwa bila shaka, maana mara ya kwanza ingeweza kuwa bahati. Mume wangu alinitazama ng'ambo ya moto, akafungua mdomo, nikatikisa kichwa, akaufunga. Nilikuwa bado natakiwa kujifungua. Sikutaka kuvuruga chochote.

Nilikwenda kliniki kila mwezi. Saba ikawa nane na nusu, ikawa tisa na kitu. Muuguzi alisema uboho umepata unga na sasa unakata ya saizi ya kawaida, lakini nisiache, kwa sababu ghala bado tupu. Niliingia hospitali kujifungua nikiwa na kumi na nusu. Mtoto wa kike alitoka, na damu ikamfuata. Niliisikia ikitoka. Nilimwona mkunga akiita mwenzake bila kupaza sauti, mikono ikinikanda tumbo, sindano pajani, na nikamfikiria dada yangu, kwamba hivi ndivyo alivyokuwa anaona, dari na nyuso zinazojikaza zisionyeshe kitu. Ikasimama. Baadaye mkunga alinawa mikono, akaniambia kwamba kwa ile saba yangu ya mwanzo angekuwa anaongea na mume wangu, si na mimi. Nililia siku nzima, na wageni wakadhani ni furaha.

Mwenye duara alipokuja kumwona mtoto nilimwambia hamu imekwisha na uzazi. Aliinamisha kichwa, akasema kazi ya Mungu haina makosa, akaacha kitenge na sabuni. Nikajua yamekwisha.

Mtoto wangu alikuwa ameshaanza kusimama dede niliposikia hodi mchana mmoja. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini, mwembamba, mimba yake ndiyo kwanza inaonekana. Alikuwa mke mdogo wa mwenye duara, aliyeolewa kutoka vijijini mwaka uleule. Alipiga goti kunisalimia.

"Shikamoo dada. Mzee amesema unifundishe."

"Nikufundishe nini, mdogo wangu?"

"Kuonja."

Nilimkalisha. Nilimuuliza hamu ilimwanza lini. Akaniambia, kwa aibu, kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani, kwamba hamu hana. Mawe yanamtapisha. Anajitahidi kila siku, lakini ulimi bado umefungwa. Mzee amesema ni kwa sababu damu yake ni nyingi mno, kwa hiyo tangu aolewe anakunywa chai ya maziwa baada ya kila chakula, nyama amekatazwa, na mzee anafuata daftari moja ambalo hamwonyeshi mtu.

Sikumbuki kama nilisimama au nilibaki nimekaa. Nakumbuka nilimbeba mtoto mgongoni na kwenda moja kwa moja mpaka penye shimo, binti akinifuata nyuma, na nikasema mbele ya wanaume wote. Nilisema kwamba siku ile ya namba saba nilikuwa nameza vidonge, hamu imeisha, jiwe nimelitema, na upande wa mashariki niliuchagua kwa ajili ya uji. Nilisema ni uongo wangu. Mume wangu akasema ni kweli, na akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia.

Hawakuamini. Walitazamana kwa huruma. Mwamba ulikuwepo, waliugusa kwa mikono yao. Uongo hauwezi kutoa dhahabu. Mwenye duara alinisogelea, akanishika bega kwa upole wake uleule.

"Shemeji," alisema, "heshima yako iko palepale. Huna haja ya kumwonea wivu binti huyu."

Nilimwambia basi nakwenda kumfundisha, na kwamba darasa liko mbali kidogo. Alifurahi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetulipia pikipiki.

Muuguzi alikuwa palepale, na ile miwani yake. Nilimweleza kwa maneno machache, hakuniuliza kitu. Alimvuta binti kope, akamchoma kidole, tukakaa kwenye benchi tukikisubiri kile kimashine, binti akikitazama bila kupepesa, ameshika vidole vyangu.

"Nane na pointi moja," alisema muuguzi.

Nilihisi mkono wa binti ukilegea. Aligeuka akanitazama, machozi yamemlengalenga, na akaninong'oneza muuguzi asisikie.

"Bado ni nyingi, dada. Mzee alisema ulimi hautafunguka mpaka ifike saba, kama yako."